Kabati la sinki, nafasi ya mm 152, na drili ya kona niliyoishia kuichagua

Kazi yenyewe ukiisikia kwa mdomo ni ya nusu saa. Kabati mbili za jikoni zimekaa bega kwa bega, moja ya sinki na moja ya droo tatu, aliyezifunga mwanzo hakuziunganisha, kila moja imesimama kivyake, basi baada ya muda zikaachana, mbele pale kuna mwanya wa mm 4 hivi na maji ya kuoshea vyombo yanapenya humo kila siku yanavimbisha mbao. Mama mwenye nyumba akanambia, "Fundi, nizibie huu mwanya, na unipitishie na mpira wa maji uende kwenye friji upande wa pili." Yani matundu manne ya mm 8 kwa ajili ya bolti za kuvutia kabati zishikane, na tundu moja la mm 25 kule nyuma kabisa mpira upite nyuma ya droo. Mbao mbili za mm 18, jumla mm 36. Basi.

Naandika kisa chote kwa sababu watu wengi wanauliza drili ya kona ipi nzuri, yani ile ambayo biti (chuma cha kutobolea) inatokea ubavuni, pembe mraba na mwili, na majibu yanakuja ya volti na jina la kampuni, mara chukua hii ya 18 ina nguvu, mara ile mota yake haina brashi, na hakuna anayeuliza nafasi yako ina ukubwa gani. Mi mwenyewe nilianza hivohivo na ningenunua kitu kizuri kabisa ambacho kisingeingia.

Sinki lilikuwa limeshafungwa na gundi, kulitoa ni kuharibu. Kutoka ukingo wa bakuli la sinki mpaka ubao ninaotakiwa kuutoboa, ambao uko mkono wa kushoto ukiangalia kabati kwa mbele, nilipima mm 152. Drili yangu ya kawaida ya volti 18 kutoka mdomoni, pale panapobana biti, mpaka mgongoni ni mm 175 kabla hujaweka biti yoyote. Kwa hiyo hapo haina hata haja ya kubishana.

Mtu atasema toboa kutoka upande wa droo. Swali zuri, na nitalirudia kwa sababu lina ukweli nusu. Ndani ya kabati la droo kuna mm 264, lakini reli za droo zinachomoza karibu mm 13 kila upande, kwa hiyo kati ya reli na reli zinabaki 238. Drili 175, biti ya kawaida ya mm 8 ina urefu wa mm 117, mdomo unameza kama 27, zinabaki nje 90. Jumla 265. Haiingii, na wale wanaoilazimisha wanaishia kutoboa kwa kulalia upande, tundu linakwenda mshazari, kichwa cha bolti kinakaa kwa ukingo mmoja na ukikaza kinang'oa ubao. Nimeshakuta kabati nyingi za namna hiyo na inaniuma kila nikiona, maana kosa dogo la nyuzi kumi linaharibu kazi iliyokuwa nzuri.

Sasa hesabu ya drili ya kona. Hapa ndo penye mambo. Wanapoandika kwenye katalogi urefu wa kichwa wanamaanisha kutoka mgongo wa kichwa mpaka ncha ya mdomo unaobana biti, na hizi ndogo za mdomo wa mm 10 nyingi zinacheza kwenye mm 90 mpaka 100. Unasoma 95, unaangalia nafasi yako 152, unasema mbona inaingia na chenji inabaki. Biti je? Chukua ileile biti ya mm 8 ya kawaida, 95 jumlisha 90 unapata 185. Imegoma. Drili umenunua, imekuja, ni nzima, na haiwezi hata kugusa ubao kwa ncha ya biti.

Kinachookoa ni biti fupi, zile ambazo mafundi wa vyuma wanazijua sana na sisi wa mbao tunazisahau. Biti fupi ya mm 8 ina urefu wa mm 79 badala ya 117, ya mm 6 ni 66 badala ya 93, ya mm 5 ni 62 badala ya 86. Kwa hiyo 79 toa 27 za ndani ya mdomo zinabaki 52, jumlisha 95 unapata 147. Nafasi 152. Mm 5 za kupumua, na zinatosha. Mfereji wa hiyo biti, ule unaotoa unga, una kama mm 37 na mbao zangu ni 36, kwa hiyo unatoboa huku unaitoa kusafisha unga mara mbili tatu, vinginevyo unga unajaa biti inapata moto na mbao inanuka kuungua.

Kuna mbinu nyingine ambayo inafaa uijue hata kama huna biti fupi ya kutosha kina. Unaanza na fupi, ukishaingia mm 20 unatoa, unaweka ndefu na ncha yake unaizamisha kwenye tundu ulilokwisha anza, hapo umejipatia mm 20 bure maana ncha tayari iko ndani ya ubao. Mbao nene za mm 50 hivi zinatobolewa hivo mahali ambapo hesabu ya kawaida inakukatalia.

Tundu la mm 25 ndo lilinisumbua zaidi. Biti bapa ya mbao ina urefu wa mm 150 hivi, sahau. Msumeno wa tundu na shina lake na ile biti ya katikati inayotangulia, nilipouweka kwenye mdomo ulitoka nje kama mm 75, ukijumlisha 95 ni 170, sahau. Ikabaki biti ya duara yenye uso bapa, familia ya ile tunayotobolea bawaba za vikombe vya mm 35. Yangu ya mm 25 ina urefu wa mm 90, toa 27 zinabaki 63, jumlisha 95 ni 158. Nimekosa kwa milimita sita! Nilikaa nikaiangalia hiyo namba muda mrefu. Mwisho nikakata mkia wa biti mm 15 kwa grainda, taratibu, nachovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache joto lisifike kwenye meno, ikawa 75, nje zinabaki 48, jumla 143. Imeingia, na bado 48 zinatosha kuvuka mbao za 36.

Kabla ya yote hayo lakini, nilifanya kitu ambacho sa hivi siwezi kununua kifaa cha sehemu finyu bila kukifanya. Nilichukua boksi gumu nikakata umbo la drili ya kona, kichwa mm 95, mwili wa urefu wa mm 300, na kijiti cha kalamu kama biti. Nikaingia nalo chini ya sinki. Ndani ya dakika mbili likanionyesha vitu vitatu ambavyo katalogi isingenambia. Kwanza, mwili wa drili hauwezi kukaa wima kwa sababu bomba la maji machafu linapita pale, lazima ulale kuelekea mlangoni. Pili, tundu la nyuma katikati yake iko mm 30 kutoka ubao wa mgongoni, kwa hiyo upana wa kichwa nao una kesi, kutoka katikati ya biti mpaka ukingo wa kichwa kukizidi mm 30 umeshindwa, na hichi kipimo wengi hawakiandiki popote, inabidi uweke rula mwenyewe kwenye kifaa. Tatu, mkono wangu. Kule nyuma mkono unafika umenyooka wote, nashika kwenye kitako karibu na betri, kwa hiyo swichi ikiwa juu karibu na kichwa kidole hakiifikii.

Hilo la swichi naona linadharauliwa mno. Kuna za kidole kimoja kama za drili ya kawaida na kuna zile ndefu, ubapa unaolala ubavuni mwa mwili, unabana kwa kiganja kama breki ya baiskeli. Kwa sehemu finyu mi niko upande wa ndefu bila kusita, kwa sababu popote utakaposhika inabonyezeka. Ubaya wake ni huohuo, popote itakapogusana inabonyezeka, ukiipitisha kati ya mabomba bomba linaweza kuiwasha. Dawa ni kuweka kile kitufe cha kugeuza mzunguko mbele-nyuma katikati kila unapoingiza na kutoa, hapo swichi inakuwa imefungwa. Nifanye kwanza hivo ndo niingize mkono, kila mara, hata kama ni tundu la mwisho.

Sasa tuzungumze nguvu, maana wengi ndo wanaanzia hapa. Nilikuwa na machaguo manne kichwani.

La kwanza, kichwa cha kona cha kuchomeka kwenye drili ya kawaida, kile kinachopokea biti za mkia wa pembe sita, mm 6.35. Nilikuwa nacho tayari na kifupi kweli, kinaingia mahali ambapo drili yoyote haiingii. Kwa skrubu na matundu ya mm 3 mpaka 5 nakipenda. Lakini biti zangu za mm 8 na ile ya 25 zina mkia wa duara, hazikai. Na hata ukipata za pembe sita, biti inacheza ndani yake, inatikisika, na ukiweka biti pana gia ndogo za ndani zinapata moto. Changu nilikijaribu kwenye kipande cha mbao kwa biti ya mm 22 ya pembe sita niliyoazima, kikaanza kunguruma na kujizungusha mkononi, nikaacha. Kutumia kifaa kwa kazi isiyo yake ni kukionea.

La pili, drili ya kona ya waya. Nzuri kwa mtu wa karakana, haiishiwi. Makita DA3010F kwa mfano ni wati 450 na inafika mizunguko 2400 kwa dakika. Kwa matundu madogo hiyo spidi ni raha tupu. Kwa biti ya mm 25 ni nyingi mno, hiyo unataka iende chini ya 1500 kwenye mbao laini na kama 500 kwenye mbao ngumu, vinginevyo unaunguza mbao na meno, basi unabaki kubana swichi nusunusu muda wote ukiwa umejikunja. Na waya wa umeme chini ya sinki, penye maji, mi sitaki. Hilo lilinitosha kuiondoa.

La tatu, za volti 18, ambazo wengine wanaandika 20. Ni betri ileile, seli tano za lithiamu, 3.6 kila moja zinakupa 18, ikitoka kwenye chaja imejaa zinasoma karibu 21, hivyo wa 20 hajakuzidi kitu. DeWalt DCD740 ina gia mbili, moja mpaka 650 na nyingine mpaka 2000, na hapo kusema kweli ndo mpangilio bora wa drili ya kona kwa mtu anayetoboa vitu vya kila aina, ya chini kwa biti pana, ya juu kwa ndogo. Kilichonitoa kwake ni betri. Kichwa kifupi ndio, lakini kule kwenye kitako kuna tofali la betri, na umbo langu la boksi nilipoliongezea tofali la ukubwa huo liligonga bomba kabla kichwa hakijafika nyuma.

La nne, ndogo za volti 12. Nazo seli tatu, 10.8 kwa kawaida na 12.6 zikijaa, betri nyembamba inaingia ndani ya mpini. Milwaukee wa M12, familia yao ya volti 12, kwa mfano anakwenda mpaka mizunguko 800 kwa dakika na nguvu ya kuzungusha kama Nm (nyutoni-mita) 11. Watu wanaona 11 wanacheka kwa sababu drili zao za kawaida zinasoma 50 na 60. Mi naomba ufikirie hivi. Nm 11 kwenye mpini wa sm 25 ni kama kilo 4 na nusu zinazosukuma mkono wako. Ukiwa umesimama wima na mikono miwili ni kitu kidogo, ukiwa umelala ubavu, mkono mmoja umenyooka, kiwiko kimeegemea ukingo wa kabati, kilo 4 na nusu za ghafla zinatosha kabisa. Drili ya Nm 60 humo ndani ikikwama inakuvunja kidole, na hiyo nguvu huna pa kuitumia. Kwa matundu ya mm 8 na 25 kwenye mbao za kabati, mizunguko 800 na Nm 11 inatosha. Kwa mtu wa umeme anayetoboa boriti za dari siku nzima kwa biti ndefu za mbao zenye ncha ya skrubu, za mm 25 na zaidi, hapana, huyo aende kwenye kubwa zenye mpini wa pili, hii ataiua. Na hizi drili za kona ndogo hazina nyundo ndani, ukuta wa zege usiziulize.

Nikachukua ya volti 12, kichwa nilipima mwenyewe 95, katikati mpaka ukingo 25, swichi ndefu, taa chini ya kichwa.

Kazini nilianza na klampu mbili mbele nikavuta kabati mpaka mwanya ukafunga, na hilo usiliruke, ukitoboa kabati zikiwa zimeachana unga wa mbao unaingia kati na baadae hazishikani tena hata ukaze vipi. Miwani nikavaa, maana kichwa changu kilikuwa sm 30 kutoka kwenye biti na hakuna pa kukwepea.

Tundu la kwanza nusura niumie, na naeleza vizuri ili mwenzangu asiyajaribu. Biti inazunguka kulia, kwa hiyo mwili wa drili unataka kuzunguka kushoto. Ubao uko kushoto kwangu na mwili umelala kuja mlangoni, basi kwa mpangilio huo kitako cha betri kinasukumwa chini. Ungekuwa ubao wa kulia kingesukumwa juu. Mi nilikuwa nimeshika kwa chini, vidole vimezunguka mwili, biti ilipokuwa inatoka upande wa pili ikakamata ule utepe wa mwisho wa mbao, kitako kikashuka, na vifundo vya vidole vikabanwa kati ya drili na lile kona la bomba la maji machafu. Haikuvunjika kitu lakini niliachia swichi kwa kupiga kelele, mama akaja mbio, "Fundi vipi, umeme?" Nikamwambia hapana mama, niko salama, ni mkono tu. Nikachukua kipande cha ubao nikakisimamisha chini ya mwili wa drili kama mguu, kikalalia sakafu ya kabati, na kuanzia hapo nguvu yote inayorudi ilikwenda kwenye ubao. Mkono ukabaki na kazi ya kusukuma peke yake. Matundu yaliyobaki nilitoboa kwa vidole viwili vya kubana swichi na kiganja cha mkono mwingine mgongoni mwa kichwa.

Tundu la 25 lilikuja na shida yake, mdomo wa kukaza kwa mkono uliteleza, biti ikasimama drili inazunguka. Hii midomo midogo haibani kama ile ya ufunguo, na mkia wa biti ulikuwa laini wa duara kama kioo. Nikatoa, nikapiga tupa mkia sehemu tatu ukapata bapa tatu za kukaa kwenye meno ya mdomo, nikakaza nje ya kabati kwa mikono miwili, ikashika mpaka mwisho. Nyuma yake upande wa droo nilikuwa nimebana kipande cha ubao, kwa hiyo ilitoka safi bila kuchana.

Nimesema nitarudi kwenye upande wa droo. Matundu mawili ya mbele, kusema haki, yangewezekana kwa drili ya kawaida na biti fupi kutokea huko, 175 jumlisha 52 ni 227 na nafasi kati ya reli ni 238. Nililigundua nikiwa nimeshamaliza. Mtu mwenye matundu ya mbele tu anunue biti fupi, drili ya kona aiache kwanza. Ya nyuma ndo hapana, mkono unafika lakini hauoni na hauna pa kusukumia.

Bolti nne zikaingia, nikakaza kwa zamu, mbele nyuma mbele nyuma, mwanya ukaisha nikatoa klampu na haukurudi. Mpira wa friji ukapita. Halafu nikarudisha droo na ya juu ikawa inakwaruza, kwa sababu kabati lilisogea zile mm 4 na reli ya kushoto ikaja nayo. Nikalegeza skrubu tatu za reli, nikaweka vipande vya karatasi ngumu nyuma yake upande wa mbele, nikakaza, nikaivuta na kuirudisha mara kumi mama akiwa amesimama pale anasikiliza, mpaka akasema sasa hailii.